Uvimbe Nisiotaka Kugawana

Je, nilitaka uvimbe ule uondoke, au nilitaka tu uwe wangu peke yangu? Nimejiuliza swali hili nikiwa darasani, nikiwa kanisani, nikiwa nimeinamia karai la nguo, na mpaka leo sina jibu ninaloweza kuliandika nikatia nukta.

Ulianza mgongoni mwa kifundo cha mkono wangu wa kulia, mwishoni mwa muhula, nikiwa nasahihisha insha. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya hindi iliyojificha chini ya ngozi. Kufikia mwisho wa likizo ulikuwa umekuwa gololi. Nilipokunja kiganja ulijitokeza wazi, na nilipokinyoosha ulirudi ndani nusu, kama mtu anayechungulia dirishani akiogopa kuonekana. Haukuwa mwekundu wala wa moto. Ulikuwa tu pale, mgumu kiasi, ukisogea kidogo chini ya kidole.

Katika chumba cha walimu kila mtu alikuwa na dawa yake.

"Mwalimu, kamusi yako ile ya jalada gumu iko wapi?" aliuliza mwalimu wa hesabu. "Weka mkono mezani. Pigo moja tu, umepasuka, umekwisha."

"Na mkono ukivunjika?"

"Basi utasahihisha kwa kushoto. Wanafunzi wako watafurahi, hawatajua wameanguka."

Walicheka, nami nilicheka, lakini niliutoa mkono mezani upesi. Jumamosi iliyofuata niliteremka kutoka Shirere, ninakoishi, hadi hospitali mjini. Daktari niliyempata alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa kwanza, mpole wa maneno. Alizima taa, akabana tochi ndogo ubavuni mwa uvimbe, nao ukawaka wote kwa rangi ya waridi, kama taa ya karatasi. Sikuwa nimewahi kuona nuru ikipita ndani ya mwili wangu. Nikiri kwamba niliona fahari.

"Kilichomo ndani ni majimaji mazito, mwalimu," alisema. "Yametoka kwenye kiungo na kujitengenezea kifuko. Tunaita ganglioni. Si saratani, na haiwezi kugeuka kuwa saratani."

Nilimwuliza kuhusu kamusi. Alitikisa kichwa. Kuupiga kungeweza kuupasua, alisema, na pia kungeweza kuvunja mfupa au kuumiza kano, na mara nyingi ungerudi vilevile. Kisha akanieleza njia zenyewe. Ya kwanza ni kuuacha, kwa sababu mwingi wa aina hii huondoka wenyewe, ila hakuna awezaye kukuambia siku. Ya pili ni kuvaa mkanda mgumu wa kifundo kwa majuma kadhaa ili mkono upumzike, maana ukiutumikisha sana unavimba zaidi. Ya tatu ni kuyavuta yale majimaji kwa sindano, jambo la dakika chache, lakini kifuko na mzizi wake hubaki mle ndani na mara nyingi hujaa tena. Ya mwisho ni upasuaji, kukiondoa kifuko pamoja na mzizi. Baada ya huo uvimbe hurudi mara chache zaidi, lakini unabaki na kovu, kifundo kinaweza kukaza kwa muda, na hata hivyo hakuna ahadi.

Nilichagua sindano. Yaliyotoka yalikuwa angavu na mazito kama ute wa yai. Nilirudi nyumbani na kifundo bapa kama cha msichana, na kwa wiki kadhaa nilijikuta nikikitazama kila nilipoandika ubaoni. Kabla ya Pasaka gololi ilikuwa imerudi mahali pake.

Hapa ni lazima nieleze kwamba nilizaliwa pacha.

Dada yangu alinitangulia kwa muda ambao mkunga alitumia kunawa mikono, na tangu siku hiyo mama yetu, anayeishi bado kwenye boma letu karibu na Mukumu, amefuata sheria moja aliyoipokea kwa mama yake: pacha hapewi kitu peke yake. Nguo ni mbili za kitambaa kimoja. Makofi pia ni mawili. Dada alipopatwa na surua, mimi nililazwa naye kitanda kimoja ili nisiachwe nyuma, na kweli sikuachwa. Jembe liliponikata mguu nikashonwa, mguu wake mzima ulifungwa bendeji kama wangu, akachechemea nao uwanjani kwa maringo mpaka watoto wa jirani wakamwonea huruma zaidi kuliko mimi. Nilipoitwa chuo kikuu, Mama alinunua masanduku mawili ya bati yaliyofanana hadi rangi ya kufuli. Langu lilikwenda Nairobi. La dada, ambaye alama zake hazikutosha, lilikaa chini ya kitanda miaka mitatu, kisha likaenda naye Likuyani alikoolewa. Mpaka leo anahifadhia humo mbegu za mahindi.

Watu husema pacha hupendana kuliko ndugu wengine. Huenda. Mimi nilimwonea wivu, na wivu wangu ulikuwa wa namna ngumu kuieleza, kwa sababu nilikuwa na kila alichokuwa nacho. Sikutamani kitu chake. Nilitamani asiwe nacho. Nilitaka, mara moja maishani, mkono wa mama yangu utue juu yangu na usiinuke kwenda kutua kwa mwingine.

Pasaka ile tulikutana sote wawili kwa Mama. Dada alikuwa ameleta unga kutoka Likuyani, na Mama alikuwa amechinja jogoo. Nilikuwa nimevaa nguo ya mikono mirefu, lakini nilipopokea kikombe Mama aliuona uvimbe. Aliugeuza mkono wangu kuelekea mwanga wa mlango.

"Hii ilianza lini, mama?" Kwetu mzazi humwita binti yake mama, na akikuita hivyo kwa sauti ile unajihisi una miaka sita.

"Mwaka jana, Mama. Si kitu kibaya. Daktari ameiona."

Akamgeukia dada. "Na yako?"

Dada alinyoosha mikono yote miwili, akaipindua, akairudisha mapajani haraka. "Sina, Mama."

"Bado," alisema Mama, akainuka kwenda kutafuta leso.

Alichagua leso yake ya zamani iliyolainika kwa kufuliwa, akairarua vipande viwili vilivyolingana. Alipasha maji, akatia chumvi, akanikanda kifundo polepole kwa kidole gumba. Nilifumba macho. Yalikuwa maumivu matamu, na nilikuwa nimeanza kuzama ndani yake aliponiachia, akachovya mkono tena, akaanza kumkanda dada.

"Mama," nilisema, "yeye haumwi."

"Nyinyi hamgawanyikangi," alijibu bila kuinua macho.

"Mwache anifunge," dada alisema, akitabasamu. "Kwani leso ni yako?"

Nilihesabu. Siwezi kuficha: nilihesabu kimoyomoyo muda ambao kidole cha Mama kilikaa kwenye kifundo chake kizima, na kilikaa sawasawa na kilivyokaa kwenye changu kigonjwa. Tulipokaa kula, kila mmoja alipewa paja moja la kuku. Mama alituita wagonjwa wake. Dada alikula obusuma, ugali wa kwetu, kwa mkono uliofungwa kitambaa, akijifanya anapata shida, na Mama alicheka hadi akajifuta machozi. Mimi, mwenye shida yenyewe, nilimega tonge kama kawaida. Sikumbuki kuku aliyewahi kuwa mchungu hivyo mdomoni.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa daktari.

"Inauma kiasi gani?" aliuliza.

"Sana," nilisema. "Siwezi kuandika ubaoni."

Asubuhi ileile nilikuwa nimejaza ubao mara mbili kwa ngeli za nomino. Uvimbe uliuma, ndiyo, niliposukuma mlango mzito au kuinua sufuria iliyojaa, lakini si vile nilivyosema. Daktari aliniamini, kwa sababu hakuna sababu ya kutomwamini mwalimu wa umri wangu. Alisema kama kazi yenyewe imeshindikana, basi tuukate, nami nikapangiwa siku katika likizo ya Agosti. Nilitoka na fomu ya idhini ndani ya bahasha. Nilikuwa na furaha ambayo mtu anayekwenda kukatwa hapaswi kuwa nayo.

Mpango wangu ulikuwa huu. Ningemwita Mama aje Shirere kunitembelea, bila kusema kwa nini. Jioni ya kabla ya upasuaji ningemwambia, wakati ambapo dada, aliye mbali, asingeweza kufika. Asubuhi Mama angekaa kwenye benchi la hospitali akinisubiri mimi. Ningetoka na mkono uliofungwa bendeji ya hospitali, ambayo haiwezi kuraruliwa vipande viwili. Kovu lingekuwa langu. Hakuna daktari ambaye angekubali kumpasua dada yangu kwa ajili ya usawa.

Kwenye fomu palikuwa na mstari wa mtu wa karibu wa kuarifiwa. Mstari mmoja. Niliandika jina la Mama kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaiweka fomu juu ya meza chini ya redio.

Siku moja kabla ya upasuaji, saa nane mchana, nilisikia hodi. Mama aliingia na mkoba wake. Nyuma yake aliingia dada, na gunia dogo la mahindi mabichi kichwani.

"Nilimpigia simu," Mama alieleza, kana kwamba kulikuwa na haja. "Ningekujaje kwako peke yangu, yeye aachwe?"

Niliwakaribisha. Nilitandaza kitambaa kipya, nikachemsha chai, nikauliza habari za Likuyani, za mvua, za shemeji. Ndani yangu nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba niliogopa kumtazama dada usoni. Mama alipumzika kidogo, kisha akatoka kwenda nyuma ya nyumba, ambako nimepanda kunde kando ya ua wa vyumba vya wanafunzi vya jirani. Hawezi kukaa nyumba ya mtu bila kuchuma kitu.

Dada aliinua redio ili afute meza. Akaiona fomu, akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kama anavyosomanga kila kitu.

"Kesho?" aliuliza.

"Kesho."

"Na hapa kuna nafasi ya mtu mmoja."

"Ndivyo fomu ilivyo," nilisema. "Si mimi niliyeichapisha."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akakunja mkono wa kushoto wa sweta lake, akaweka mkono mezani, kiganja chini.

"Gusa hapo."

Nilimgusa mgongoni mwa kifundo. Palikuwa laini, bapa, pakavu kwa kazi ya shamba.

"Hakuna kitu," nilisema.

"Sasa hakuna. Kulikuwa. Mkubwa kuliko wako."

Nilidhani ananitania. Aliendelea kwa sauti ya chini, akiangalia mlango wa nyuma.

"Ule mwaka wako wa mwisho chuoni. Tulikuwa tunapukuchua mahindi pale nyumbani, nikaona umeota. Nikavaa sweta. Jua lile la Februari, mimi na sweta! Mama alidhani nina mimba, ananitazamatazama. Nikamwambia nasikia baridi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angekuita," alisema. "Unamjua. Angekupigia simu pale kwa msimamizi wa bweni, urudi ufungwe kitambaa, na mitihani ilikuwa wiki ileile. Na ulikuwa umeshasema, ukumbuke, siku ile ya masanduku. Ulisema ukifika huko hutaki tena kugawanywa kama ugali."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimelisema hilo kwenye kituo cha basi, nikidhani ninaipiga vita mila, na aliyesimama mbele yangu akilisikia alikuwa ni yeye, amebeba sanduku langu.

"Ukautibu na nini?"

"Na kukaa nao." Aliinua mabega. "Mwaka mmoja na zaidi. Siku moja nafua nguo, naangalia, haupo. Sijui hata ulienda lini."

Ninajua nilichopaswa kuhisi hapo. Msomaji anakijua pia. Dada yangu alikuwa ameubeba ugonjwa kimya ili mimi niandike mitihani yangu kwa amani, na shahada iliyoning'inia ukutani juu ya kichwa chake ilikuwa na jasho la sweta lake ndani yake. Shukrani ilikuja, nayo ilikuja ya kweli, lakini haikuwa ya kwanza kufika. Kilichofika kwanza kilikuwa wivu, mkali kuliko wa Pasaka, kuliko wa surua na wa mguu uliofungwa bendeji bure. Yeye alikuwa nao. Alikuwa ameupata uvimbe wa mtu mmoja, usioguswa na mtu, usiogawanywa, akakaa nao mwaka mzima, ukaja ukaondoka bila sindano, bila fomu, bila kumwambia daktari uongo. Kitu nilichokuwa tayari kupasuliwa ili nikipate, yeye alikipata bure kwenye mahindi, na hata hakukitaka.

"Ulikuwaje?" nilimwuliza hatimaye. "Kuwa na kitu peke yako."

Yeye hajibu upesi.

"Vibaya," alisema. "Kila jioni nilitaka kukuonyesha."

Mama aliingia na kunde ndani ya leso. Alitutazama, akaitazama fomu, akaitazama mikono yetu miwili iliyolala mezani, wa kulia na wa kushoto.

"Mnapimana nini?"

"Mama, kesho nilikuwa nikatwe mkono huu," nilisema.

Aliziweka kunde chini. Nilieleza yote, isipokuwa hesabu za kidole gumba. Hizo nimezihifadhi hadi leo. Nilieleza kwamba nilizidisha maumivu mbele ya daktari. Alisikiliza bila kukatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Unauma au hauumi?"

Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa maneno yasiyo na mahali pa kujificha.

"Unauma kidogo. Nikiinua sufuria."

"Basi usiinue," Mama alisema. "Mwenzako atasonga obusuma leo." Akaanza kuchambua kunde.

Dada alisonga obusuma jioni ile jikoni mwangu, mwiko ukigonga sufuria kwa mdundo niujuao tangu utotoni. Nilikaa mlangoni nikimtazama, nikaamua mambo mawili kabla sufuria haijaepuliwa: kwamba kesho ningemwambia daktari ukweli, na kwamba chochote atakachonipa badala ya kisu, ningenunua viwili. La kwanza lilikuwa rahisi. La pili nililimeza kwa shida, pamoja na tonge la kwanza.

Asubuhi tuliteremka mjini watatu. Kwenye benchi Mama alikaa katikati, mkoba magotini, kiwiko kimoja kikinigusa mimi na kingine kikimgusa dada. Nilipoitwa niliingia peke yangu.

"Uko tayari, mwalimu?" daktari aliuliza.

"Nimekuja kusahihisha jibu langu," nilisema. "Uliniuliza inauma kiasi gani. Naandika ubaoni bila shida. Inauma nikisukuma mlango au nikibeba kitu kizito. Nilikudanganya."

Aliweka kalamu yake mezani. Kisha aliukunja mkono wangu mbele na nyuma, akanibana vidole kimoja kimoja akiuliza kama vinakufa ganzi, nami nikasema la.

"Basi kwa nini nikukate?" alisema. "Vaa mkanda wakati wa kazi nzito, uuvue ukipumzika, na uvimbe tuungoje. Ukikua, ukianza kuuma usiku, au vidole vikifa ganzi, rudi siku hiyohiyo." Akapiga mstari juu ya jina langu kwenye orodha ya siku hiyo, akamwita muuguzi amwite mgonjwa mwingine.

Duka la vifaa vya hospitali lilikuwa limefunguliwa ng'ambo ya barabara, tukaingia sote watatu. Muuzaji alinitolea mkanda mgumu wa kifundo.

"Wa mkono upi, mama?"

"Mmoja wa kulia," nilisema. "Na mmoja wa kushoto."

"Umeumia yote miwili? Pole sana."

"Wa kushoto ni wa dada yangu. Yeye ni mzima."

Hakuelewa, na sikumweleza. Wa kulia ulikuwepo mweusi tu, na wa kushoto ulikuwepo mweusi na wa rangi ya samawati, wenye mshono mzuri pembeni. Dada alinyoosha mkono kuelekea ule wa samawati. Nilimwomba muuzaji aurudishe, nikanunua mweusi. Mama aliona. Alitufunga mmoja baada ya mwingine pale dukani, akaanza na mimi.